Juzuu ya Kaka Salim

Harufu ya zulia lenye unyevu, ikichanganyika na pilau ya bizari, hunirudisha kwenye fleti yetu ya Hyattsville, Amerika, mwaka ule nyanya yetu alipofariki Malindi na sisi tukashindwa kwenda kumzika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba aliendesha basi, mama alitunza wazee kwenye nyumba ya wagonjwa, na kaka yangu Salim, wa miaka kumi na tisa, alipakua mizigo ghalani. Wazazi wetu walikuwa na hofu moja tu juu yake, ulevi na bangi. Kwa hiyo alipoacha muziki, akafuga ndevu na kuanza kuamka alfajiri kabla ya baba, mama alishukuru hadi akalia. Akawa anajisifu kwa wenzake, ati mwanawe Amerika haikumla. Hata Salim alipojifungia chumbani akisikiliza mawaidha ya mtu fulani kwenye kompyuta, hakuna aliyemuuliza yule ni nani. Nani amgombeze mtoto kwa kumcha Mungu?

Jumapili moja tulimsomea nyanya hitima. Watu wa pwani walikuja hadi kutoka Greenbelt, viatu vikajaa mlangoni, na mama akagawa juzuu thelathini za Kurani, kila mtu moja, ili msahafu wote uishe kwa kikao kimoja. Salim alipopewa yake aliiweka rafuni. Alizoea kutujibu kwa Kiingereza, lakini siku ile alisema Kiswahili kilichonyooka, kila mtu akasikia.

"Mama, hitima ni bidaa, ni uzushi. Maiti hafaidiki na pilau yenu."

"Msomee tu nyanya yako," mama alisema. "Ndiye aliyekubeba mgongoni."

Akatoka. Baba alicheka kwa aibu, akasema ujana huo, utapita. Mimi niliichukua ile juzuu nikaisoma kwa kukwamakwama, watu wakinisubiri na pilau ikipoa. Wallahi nilimkasirikia kwa kutuaibisha, lakini sikumwogopea. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sisi hatukuchelea kilio chake, tulichelea kumgusa katika dini yake.

Baada ya miezi mitatu aliaga kwamba anakwenda Malindi kuwaona jamaa. Mama alidhani amejuta, akamfungia kanga za kuwapelekea shangazi zetu. Hakufika kwao. Alivuka mpaka akajiunga na kundi ambalo nyumbani kwetu ni mwiko kulitaja. Ukubwani nimesoma lilivyoanza. Ng'ambo ya mpaka ilikuwa nchi isiyo na serikali, mahakama za dini zikaleta utulivu kidogo, kisha majeshi ya nchi jirani yakaingia. Wazee wa mahakama walikimbia, wengine baadaye wakapatana, ila vijana wao wenye bunduki wakakataa. Walianza kwa kupigana na askari wa kigeni, wakaishia kuua wachuuzi sokoni na abiria wa mabasi, na makaburi ya masharifu wakayavunja kwa hoja ileile niliyoisikia sebuleni kwetu. Kabla ya mwaka kwisha, mjomba alipiga simu kutoka Malindi kwamba Salim ameuawa. Kaburi hatukuoneshwa. Wapelelezi wawili walikuja, mama akawapa chai. Ramadhani iliyofuata, sahani za futari zilizokuwa zikipishana kati yetu na majirani zilikoma.

Baba alikataa hitima. Alisema watu wataogopa kuja, na isitoshe marehemu mwenyewe aliikana. Mama hakubishana naye, lakini hakumsamehe. Sasa baba naye ametangulia, mama anaishi nami, na kila mwaka huzitoa zile juzuu kabatini. Nyanya alisomewa na watu thelathini. Salim anasomewa na wawili, kumi na tano mama na kumi na tano mimi, na hutuchukua wiki nzima.

Mwaka huu, katikati ya wiki hiyo, mwanangu wa miaka tisa ameanza kuamka alfajiri bila kuamshwa. Mama alishukuru, machozi yakamtoka kama zamani. Mimi nilimfuata mtoto kwenye mswala wake sebuleni, nikamuuliza siku hizi anamsikiliza nani.

"Namsikiliza nyanya," alisema, kwa Kiswahili, akionyesha chumba cha mama. "Akisoma, ninamsikia ukutani."

Nikambusu kichwani, nikamwambia vizuri, mwanangu. Kisha nikaenda chumbani kwake kupekua simu yake.