Mbwa Jike wa Kuazima

Asubuhi ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mdogo wetu wa kike ambaye ndiye wa mwisho, mjomba wetu aliyekuja kututembelea na kukaa zaidi ya alivyosema, bibi mfugaji jirani yetu, na mbwa wake. Nawataja wote kwa sababu baadaye kuna walioniambia hawakuwepo, au walikuwepo lakini walikuwa wanaangalia upande mwingine. Walikuwepo.

Tulikaa ukingoni mwa shamba la ngano la serikali, upande wa Balangdalalu. Wazazi wetu walishuka kutoka Mbulu kutafuta ardhi, wakapata kipande, kisha wakafariki mmoja baada ya mwingine. Mimi nikaacha shule nikiwa darasa la tano ili nyumbani awepo mtu wa kupika na kulima. Haukupita muda fisi wakaanza kuchukua mbuzi, kama vile waliambiwa kwamba nyumba haina baba.

Ndipo bibi yule, mama wa Kibarabaigi ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya bonde, alipotuletea mbwa jike wa rangi ya majivu, ncha ya mkia nyeupe, sikio la kushoto limekunjika kama nguo iliyopigwa pasi vibaya. Hakutupa. Alituazima, jinsi watu wa kwetu wanavyoazimana ng'ombe: unakaa naye, unamlisha, unapata faida yake, na akizaa, jike wa kwanza anarudi kwa mwenyewe. Uzao wa mbwa yule bibi alitoka nao kwao alipoolewa. Bomani kwake walikuwa wamebaki madume tu. Kwa hiyo aliposema jike wa kwanza, alikuwa anasema kitu kizito, na mimi nilielewa hivyo.

Asubuhi hiyo alikuja kumtazama. Alichuchumaa, akampapasa tumbo taratibu huku bangili zake zikilia.

"Wako ndani," akasema. "Mwezi huu hauishi. Asiende mbali."

"Hataenda, bibi."

"Wewe ndiyo nakwambia. Siyo hawa."

Nikamfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya ghala, mbele yao wote. Bibi akaondoka. Mimi na mdogo wangu wa kiume tukajitwisha madebe ya mahindi, tukaenda kusaga.

Mashine iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa upande wa pili wa shamba. Palikuwa na njia inayokata shamba katikati, njia ya ng'ombe ya tangu kabla ya ngano. Ngano ikiwa imesimama walinzi walitufukuza. Kombaini zikishapita na kubaki mabua, hakuna aliyejali. Tulikuwa tumefika karibu na katikati mdogo wangu aliposema, "Dada, tazama nyuma."

Mbwa alikuwa anatufuata, na tumbo lake likiyumba. Shingoni hakuna kamba.

"Tumrudishe," mdogo wangu akasema.

Ningekubali, habari ingeishia hapo. Lakini juma lililopita tulifika mashineni dizeli ikiwa imeisha tukarudi na mahindi, na nyumbani unga ulikuwa umebaki wa kukung'uta mfukoni. Nikasema, "Mfukuze. Njia anaijua."

Akamtupia bonge la udongo. Mbwa akakaa chini, akatutazama. Akamtupia la pili, likampata ubavuni. Hapo akageuka, akashika njia ya nyumbani, na sisi tukaendelea.

Foleni mashineni ilikuwa ndefu. Tuliporudi alasiri na unga wetu, njia haikuwepo. Matrekta yalikuwa yamepiga haro tangu ukingo mmoja hadi mwingine. Udongo mweusi umegeuzwa wote, ndege wakubwa weupe wanatembea nyuma ya diski wakiokota funza. Mahali njia ilipoishia ilikuwa kama imekatwa kwa mkasi. Tukapita humo humo, tunazama hadi vifundoni.

Mdogo wetu wa kike alitukimbilia. "Mbwa yuko wapi?"

"Hajarudi?"

"Si alikuja kwenu?"

"Nani alimfungua?"

Akamtazama mjomba. Mjomba alikuwa kwenye kigoda, mguu juu ya mguu. "Mimi nilisema tu anaonekana ana kiu."

"Ulisema mwenye mimba hafungwi!" mtoto akalia.

"Nilisema kuhusu watu. Sasa mtoto mwenyewe haelewi Kiswahili."

Tulimtafuta hadi giza, na kesho yake, na siku zilizofuata. Tulizunguka makorongo na vichaka, tukaulizia maboma ya mbali, tukafika hadi kambi ya matrekta. Mlinzi wa getini alikuwa kijana, lakini alikuwa na sare, nikamwamkia.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tunatafuta mbwa. Alipita kwenye njia, humo shambani."

"Njia gani? Humu hakuna njia."

"Ilikuwepo mpaka siku mnapiga haro."

"Basi mngemwombea huyo mbwa kibali mapema." Akacheka, akawatazama wenzake wacheke naye.

Dereva mmoja, uso wote vumbi, hakucheka. Alituambia mbwa wengi hufuata trekta kwa sababu ya panya wanaofukuliwa, lakini siku ile alimwona mmoja wa majivu asiyejali panya. Alikuwa anakimbia mbele ya haro huku na huku, pua chini, kama mtu aliyeangusha kitu. "Nikampigia honi," alisema. "Akaelekea jua linakozama. Tumbo kubwa. Nikasema huyu ana mwenyewe."

Kule jua linakozama siko nyumbani kwetu.

Nyumbani ndipo uvumilivu uliponiishia. Mdogo wangu wa kiume alikataa kula. "Nilimpiga ubavuni, dada. Penye watoto."

"Nilikutuma mimi."

"Mkono ulikuwa wangu."

"Mimi ndiye nilifungua," mdogo wake akadakia.

Waligombania kosa lile kama walivyogombania ukoko wa ugali, na mjomba hakutaka hata kulionja. Wakati huo maji hayajatekwa, kuni hakuna, na mbuzi tumewaingiza ndani tunalala nao kwa kuogopa fisi. Niliwapigia kelele. Niliwaambia kosa halipikwi, wachukue ndoo. Sijivunii, ila nilikuwa nimechoka kuwa mtu pekee katika nyumba ile ambaye hakuwa na nafasi ya kulia.

Mjomba akanipa ushauri. "Kwa yule bibi sema fisi. Fisi hatakuja barazani kukataa."

"Na akiuliza damu iko wapi?"

"Mvua."

"Mvua gani, mjomba? Kiangazi hiki?"

"Basi nenda ukajitie kitanzi mwenyewe. Mbwa tu!"

Mbwa tu. Aliyesema hivyo alikuwa anakula mbuzi waliolindwa na mbwa huyo.

Nilikwenda mwenyewe, kabla habari haijamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Bibi alikuwa anapaka siagi ngozi, mkao wa mtu mwenye kazi ndefu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja bila mbwa."

"Amepotea."

Akaendelea kupaka. "Alifunguliwa na nani?"

"Mimi ndiye niliyepewa."

"Hilo sikuuliza. Hilo najua."

Nikanyamaza. Aliuliza tena, nikanyamaza tena. Nilijua nikimtaja mtoto, kila atakapopita bondeni na ndoo ataitwa yule mfungua mbwa. Nikamweleza yaliyobaki yote: mashine, bonge la udongo, haro, honi. Nilipomaliza alifuta mikono.

"Hukusema fisi," akasema.

"Si fisi."

"Wengine wangesema." Kisha, bila ukali wowote, akaongeza: "Jike wangu bado unadaiwa."

Nilifikiri ni deni ninaloliweza. Mwaka uliofuata mdogo wangu alikwenda Haydom kumpeleka mjomba hospitali, akarudi na mtoto wa mbwa kikapuni, jike, mweusi, mwenye afya. Tulimlea hadi akakomaa kidogo, nikambeba mgongoni kwa kanga kama mtoto wa mtu hadi kwa bibi. Mdogo wetu wa kike alinisindikiza hadi bondeni huku analia, maana alishampenda.

Bibi alimgeuza, akamtazama meno na miguu. "Mzuri. Rudi naye, akalinde mbuzi wenu."

"Nimekuletea deni, bibi."

"Hili siyo deni langu. Deni langu ni huyu." Akalikunja sikio lake mwenyewe la kushoto kwa kidole, hereni ya shaba ikaning'inia, akalishikilia hivyo mpaka nikaitika.

Nilikasirika njia nzima. Nilimwonea hasira yeye, na hasira ile haikuwa na pa kukaa, kwa sababu hakuwa amesema uongo. Nimpate wapi wa uzao ule, na mama yao ameelekea jua linakozama?

Malisho yalipozidi kuwa finyu, yeye na watu wake walihamia Getanuwas. Kila nikikutana na watu wa huko mnadani, ananitumia salamu, na ndani ya salamu kuna neno moja: bado? Najibu bado. Wadogo zangu wana nyumba zao sasa, na hawaulizwi na mtu.

Majuzi nilishuka kwenye basi Haydom, nikaona chini ya meza ya mama muuza chai mbwa wa majivu amelala, sikio la kushoto limekunjika. Nikaacha mzigo wangu palepale.

"Mama, mbwa huyu ametoka wapi?"

"Huyu? Wapo wengi huko kijijini kwetu. Wote masikio hayo hayo."

"Jike?"

Akamsukuma kwa mguu, mbwa akasimama akajinyoosha. "Dume hilo, dada. Unataka chai?"

Nikamuuliza kijiji chao ni kipi, na basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi.