Mukwe Nje ya Dirisha

Mume wangu Octave ni agronome, bwana shamba. Jumatatu mpaka Ijumaa anazunguka na pikipiki kwenye mashamba ya mpunga na karanga, anarudi nyumbani na udongo mpaka kwenye nyusi. Jumamosi anaoga mara mbili, anavaa lile koti la kahawia alilofungia ndoa, anakwenda kufundisha wanafunzi wa maîtrise, wale wa shahada ya pili, kwenye chuo kimoja hapa Kasongo. Kozi yenyewe ina jina refu: utafiti wa jamii unaofanywa pamoja na jamii. Mimi naiita kozi ya kusikiliza watu. Na huyo mwalimu wa kusikiliza watu, akiwa nyumbani, namwita mara tatu haitiki.

"Baba Sonia!"

Kimya.

"Baba Sonia, bukari inapoa mezani!"

"Ee? Umesema kitu?"

Sisemi kwa ubaya. Nampenda, na wanafunzi wake wanampenda, maana hakai akiwasomea makaratasi mpaka walale. Anawaambia: "Usiende kwa mutu na jibu lako mufukoni. Muulize kwanza. Kama wewe hauna njia ya kumuuliza, tafuta mwenye njia." Nayajua maneno hayo kwa moyo, kwa sababu anayafanyia mazoezi akinyoa ndevu.

Mwaka huu doyen wa kitivo alimwita ofisini, akamwambia kozi ile inakula saa za bure. "Mutu hapewi diplome kwa kupiga stori na wamama kijijini." Akampa mpaka mwisho wa Julai: wanafunzi walete matokeo ya kweli kutoka kijijini, wayaseme mbele ya walimu wote, la sivyo kozi inafutwa. Siku hiyo Octave hakugusa hata sombe, mboga anayoipenda. Kazi ya mashamba ndiyo inatulisha, lakini ile ya Jumamosi ndiyo inamfanya atembee akipiga mluzi. Nilimwonea huruma, kweli kabisa.

Kesho yake akaniambia, "Tutakwenda Kabambare, kwenu. Kule wananifahamu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kule wanamfahamu! Jamani, kule yeye ni mukwe. Kwa desturi ya kwetu, mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Ni heshima, wala si ugomvi. Na inaondolewa kwa mbuzi mmoja tu: mukwe anamletea mama mbuzi, wanashikana mikono, imekwisha, wanaongea. Octave aliniahidi mbuzi huyo mwaka tuliooana. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kila nikimkumbusha: "Ee? Umesema kitu?" Tena si mama yangu peke yake, kila mwanamke wa rika lake pale kijijini ni mama mukwe wa Octave. Yaani katika mkoa mzima wa Maniema, mwalimu wa kusikiliza watu alichagua kijiji ambacho nusu ya watu hawawezi hata kumwangalia.

"Utaona," nikamwambia, na nikajialika kwenye safari.

Swali lao lilikuwa hili. Miaka mitatu iliyopita, projet moja ya maendeleo ilipeleka pale kijijini mashine ya kukoboa mpunga. Mashine nzima, mafuta yapo, fundi yupo. Na wanawake wanaendelea kutwanga kwenye vinu mpaka mikono inatoka malengelenge. Kwa nini?

Tulikwenda na pikipiki nne, Octave, mimi na wanafunzi sita. Barabara ya Kabambare sitaki kuisimulia. Nusu tulipanda pikipiki, nusu pikipiki zilitupanda sisi. Tulipoingia kijijini, wanawake walikuwa uani wanatwanga. Wakaona koti la kahawia. Mungu wangu! Mmoja akakimbilia jiko la jirani, mwingine akajifunika uso kwa ungo, na shangazi yangu, mwanamke wa kilo zake, akajificha nyuma ya mgomba uliomfunika ubavu mmoja. Octave akabaki amesimama katikati ya vinu, daftari wazi, hana mtu.

"Wanawake wa hapa wana haya sana," akawaambia wanafunzi.

Msichana mmoja, Esther-Divine, mwenye mdomo wake, akauliza, "Hiyo tuiandike kama matokeo, Mwalimu?"

Wanaume ndio walikuwa tayari kusema. Walikaa kwenye barza yao kando ya barabara, mashine iko pale pale nyuma yao, wakaeleza kwamba wanawake hawajui maendeleo, wanaogopa mota. Octave akaandika kurasa mbili. Damu ikanipanda.

"Peleka hayo kwa doyen," nikamwambia, "na mimi sirudi na wewe Kasongo."

Nikachukua kiti kidogo, nikakiweka nyuma ya jiko la mama, kimegeukia mihogo. "Kaa hapo. Funga mdomo." Akakaa. Wanawake wakarudi mmoja mmoja, wakaingia jikoni na wanafunzi. Ukuta ule wa udongo ni mwembamba. Mtu akikohoa ndani, nje wanampa pole. Mama yangu, Mama Louise, alijua vizuri sana nani yuko nje. Kwa hiyo akasema na mimi.

"Mama Sonia, ile mashine iko wapi?"

"Kwenye barza, mama."

"Nani anakaa kwenye barza?"

"Wanaume."

"Wanaume gani?"

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole. Nusu ya wanaume wale wameoa mabinti wa pale pale. Ni wakwe watupu!

"Ee," mama akasema. "Mimi nipite pale na kapu kichwani, kitenge cha kazi, jasho, mbele ya wakwe zangu wanne? Niingie majanini na mpunga wangu? Bora nitwange."

Wanawake wote wakaitikia kwa sauti moja, na shangazi akapiga mapaja. Miaka mitatu walikuwa na jibu hilo, na hakuna aliyewauliza. Kusogeza mashine hatua mia mbili, nyuma ya nyumba ya kwanza, basi.

"Nani alichagua ile nafasi?" Esther-Divine akauliza.

Mama akautazama ukuta. Nyuma ya ukuta, kiti kikalia kidogo. Kumbe ni Octave! Nikakumbuka projet ilivyomtuma kutafuta nafasi ya mashine, na jinsi alivyorudi nyumbani mwaka ule, anajisifu: nimeiweka kando ya barabara, magunia yatapakiwa vizuri.

Njiani kurudi hakupiga mluzi. Usoni niliona hofu yake: akisema kosa ni lake, doyen atacheka, na kozi imekwenda. "Tunaweza kuandika tu kwamba ni projet iliiweka pale," akaniambia kwa sauti ndogo. Ila mama alikuwa ameshaniambia kwamba maneno yao watayabeba wenyewe mpaka chuoni, wasije wakayasikia yamebadilika njiani.

Na akaja. Siku ya mwisho wa Julai, walimu wamekaa mstari wa mbele, doyen na miwani yake, Octave ubaoni na chaki mkononi. Mlango ukafunguka. Octave akaona miguu tu, akaitambua. Miaka kumi na moja hajamwona mama yangu zaidi ya miguu! Darasa lile lina mlango mmoja, na mlangoni amesimama mama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapanda benchi, akatoka kwa dirisha. Koti likashika msumari, likapasuka mgongoni, tulisikia wote.

Walimu walicheka mpaka machozi. Doyen hakucheka. "Mwalimu anakwenda wapi?"

"Hajaenda popote," nikasema. "Iko hapo nje. Anasikiliza."

Mama akaingia, akasimama mbele, akayasema yote: vinu, barza, wakwe wanne, hatua mia mbili. Akayasema bila karatasi. Kisha akasema, "Mwenye kuweka mashine pale ni mukwe wangu. Simulaumu kwa kutoniuliza mimi, hana njia. Lakini iko na muke. Muke wake ni mutoto wangu. Hata siku moja hakumutuma aniulize."

Hapo nililia. Mbele ya walimu wote, nililia. Miaka yote ile ya "umesema kitu?" nilikuwa naifanya mchezo, na kumbe ilikuwa inaniuma.

"Huyo mukwe ni nani?" doyen akauliza.

Wanafunzi wakatazama chini, hata Esther-Divine. Octave angeweza kunyamaza tu pale nje, kozi yake ikapona. Nilishika kitenge changu kwa nguvu. Kisha mkono wenye chaki ukapanda dirishani, kama wa mwanafunzi anayeomba kusema.

"Ni mimi, Monsieur le doyen. Niliweka mashine bila kuuliza. Muandike jina langu."

Doyen akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alichukua muda wake, mzee yule. "Bon," akasema. "Hii si stori. Kozi inabaki."

Makofi! Wanafunzi wakapiga mabenchi. Lakini mama alikuwa bado amesimama, mpaka wakanyamaza. Akanigeukia.

"Mama Sonia, mwambie mume wako alete ile mbuzi. Iko na maswali mengine nataka kumuuliza mimi mwenyewe, nikimutazama."

Nikajua kule nje Octave anakuna kichwa.

"Mama Sonia!" akaita.

Nikamwacha kidogo. "Ee? Umesema kitu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Alingoja mpaka kimekwisha.

"Muulize mama kwanza. Anataka dume ao jike?"

Mama yangu akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge, na mabega yakawa yanatikisika. Sijui alikuwa anacheka au vipi.

"Jike," akaniambia. "Na umwambie, asante kwa kuuliza."