Kifua cha Yaya Juu ya Ruwenzori

Sauti ile ilikuwa ya maji. Nilidhani sufuria ya bukari inaanza kuchemka, mchemko ule mdogo wa chini kabla unga haujatiwa, hata nikageuka kutazama moto. Moto ulikuwa umezimika. Sauti ilitoka kifuani mwa kaka yangu mkubwa, aliyeketi amejifunika blanketi, akitazama ukungu mlangoni.

Tulikuwa katika kibanda cha mabati upande wa Zaire wa mlima wa Ruwenzori, mahali ambapo, kwa maneno ya wapagazi wetu wawili, wageni walikuwa karibu wamesahaulika. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamili Lubumbashi, na utafiti wangu ulihusu mimea inayoota karibu na barafu. Sisi ni watu wa Maniema kwa asili. Baba, muuza vitambaa, aliikubali safari kwa sharti moja tu: binti yake asipande mlima pasipo ndugu wa kiume. Kwa hiyo yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, aliomba likizo mgodini Kipushi akanifuata.

"Yaya, unasikia kifua yako?"

"Njo vumbi ya Kipushi, leki. Inatafuta njia ya kutoka." Leki kwetu ni mdogo wa mtu. Akacheka, akakohoa. "Miye nazoea kushuka chini ya udongo, we unafikiri kilima itaniweza? Docteur wa majani, chemsha maziwa."

Niliwasha moto tena, nikachemsha. Katika mitaa ya wachimbaji kwetu kila mtu alijua kwamba kifua cha mgodi hutibiwa kwa maziwa na mapumziko. Wake zao walitafuta maziwa ya unga hata pale nyama ilipokosekana. Basi tulifanya kama ambavyo tungefanya nyumbani. Alikunywa, akalala, na tukabaki huko juu siku nzima nyingine ili apate nguvu. Nimelipima jambo hilo kwa namna nyingi tangu hapo, na kila mara nafika palepale: maziwa hayakumdhuru. Kilichomdhuru ni mahali tulipoketi tukiyanywa, katika hewa ile nyembamba iliyokuwa ikimjaza maji mapafuni huku sisi tukingojea vumbi litoke.

Asubuhi iliyofuata alishindwa kufunga kamba za viatu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya risasi, na alichotema kwenye kitambaa kilikuwa povu la rangi ya waridi. Nimekua kati ya wachimbaji. Sikuwahi kumwona yeyote kati yao akitema kitu cha namna ile.

"Tunashuka," nikasema.

"Na majani yako?"

"Iache."

"Bantu ba cité, ba mu mitaa ya kwetu, batanicheka. Batasema muchimbaji alishindwa na baridi."

"Bacheke."

Wapagazi walifunga blanketi kwenye miti miwili wakambeba. Mvua ilinyesha, mawe yenye kuvu yaliteleza, na mimi nilifuata nyuma nikisikiliza. Almradi sauti ilikuwepo, naye alikuwepo.

Tulipoingia msitu wa mianzi sauti ilipungua. Nilipata faraja, tena kwa sababu ya kimantiki kabisa: huku chini hewa ni nzito zaidi, kwa hiyo maji yanakauka. Niliwahimiza wapagazi waongeze mwendo. Tulikwenda hivyo kwa muda nisioweza kuukadiria, mimi nikiendelea kuijenga hoja yangu, hadi mpagazi wa nyuma aliposimama pasipo kuambiwa. Walimweka chini taratibu mno, kwa uangalifu ambao hawakuwa nao hapo kabla. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nasikiliza mvua peke yake.

Mji ulio chini ya mlima ulikuwa na simu, katika posta. Niliketi mbele yake alasiri yote, nikitunga sentensi ya kwanza na kuifuta. Moja ilianza na mlima, nyingine na kikohozi, nyingine na maziwa. Zote zilimchelewesha Baba kujua. Karani alipoanza kufunga madirisha, niliomba aniunganishe na duka letu.

"Allo? Ni we?" Nyuma ya Baba wateja walikuwa wakicheka. "Nipatie yaya yako kwanza."

"Baba, ukae."

"Nikae ya nini? Mupatie simu."

"Yaya alikufa, Baba. Alikufa mu njia, tukiwa tunashuka."