Neno la Siri Lililokimbilia Jikoni

Chekeni tu, maana hata leo nikipita Ilomba navuka barabara ili yule mzee asinione, na yote ni kwa sababu nilijifanya fundi wa kompyuta, mimi wa Igowole niliyeacha shule darasa la sita na kujifunza kwa kuchungulia wenzangu wakibonyeza.

Kompyuta ya usharika ilikuwa na taarifa za washarika wote, na vijana wa kwaya wakija kuchapa nyimbo walifungua wakasoma umri wa akina mama (mmoja aliimbiwa wa kwake mazoezini). Mchungaji akaniomba nilifunge lile faili. Nikamwambia katibu, Mama Neema, Mnyakyusa: "Mama, weka neno usiloweza kulitamka hata ndotoni, na mimi nisilione." Nikageukia ukuta, akaandika huku akicheka. "Nimeweka jina la baba mkwe."

Nikaona nimemaliza kazi! Kwao mke halitaji jina la baba mkwe wala hakai naye chumba kimoja, na kwenye skrini zinatokea nyota tu, kwa hiyo hajalitamka wala hajaliona.

Basi Ijumaa akaingia nani? Baba mkwe mwenyewe, na mkewe, na mjukuu wao Lusajo anayetaka cheti cha ubatizo, na kumbukumbu zake zimo kwenye lile faili, harusi kesho Kihesa, mchungaji wa kule hafungishi ndoa bila cheti, na gari la kukodi linanguruma nje. Mama Neema alipoona kofia ya mzee mlangoni akatokea mlango wa nyuma mpaka jikoni. Nikamfuata na karatasi.

"Niandikie basi!"

"Kwenye karatasi si litaonekana! Wewe una wazimu?"

Nikarudi na (hapa ndipo nilipojimaliza) nikasema kwa sauti, kwaya nzima iko dirishani: "Shikamoo mzee, naomba majina yako yote, moja ndilo linafungua kompyuta."

"Marahaba. Yaani mimi ni ufunguo?"

Akataja la ubatizo, likakataa. La ukoo, likakataa. La babu yake, likakataa, Lusajo anatazama saa, jasho linanitoka. Ndipo bibi akakohoa: "Mwanangu, jaribu ninalomwita akinikera. Mkwe wetu analisikia kila siku."

"Nyamaza wewe!"

"Babu, harusi yangu," akasema Lusajo.

Bibi akalitaja. Faili likafunguka. Kule dirishani watu wakaanguka kwa kicheko, wengine wakalirudia lile jina kwa sauti ya tatu na ya nne.

Mzee alisubiri cheti kitoke, akasimama na fimbo yake, akaniuliza taratibu: "Kijana, kwa nini hukuniambia nitoke nje kidogo, mkwe wangu aingie aandike?"

Nikajifanya natafuta karatasi chini ya meza.

Lusajo kaoa. Mimi siku hizi mtu akitaka nimfungie faili, namwambia achague neno la kawaida, aliweke kwenye bahasha, ampe mchungaji. Na lile jina msiniulize. Nimekuwa mkwe wa yule mzee bila kuoa: silitaji.