Kikombe cha Huruma

Chenso yangu ya kukatia miti iliishiwa nguvu mahali pabaya kuliko pote: ndani ya shina la mshelisheli uliokuwa umeinamia chumba cha mama, kule Fumba. Mvua za masika zilikuwa zimeilegeza mizizi. Nilikuwa nimeshatia mkato wa kwanza, na wenzangu wawili wameshika kamba kuuvuta mti upande wa pili, ndipo mashine ikaanza kukohoa. Nje ya mti inanguruma vizuri. Meno yakigusa shina tu, sauti inazama na mnyororo unasimama.

Mama naye alikataa kutoka. "Mti huu kaupanda babaako," alisema kutoka kitandani. "Mie siendi popote."

Miguu ilikuwa ikimsumbua tangu mwaka uliotangulia, lakini ukaidi haukuwahi kumpungukia. Nami nimeurithi. Si mtu wa kukimbilia fundi, nakiri. Nikanoa mnyororo, nikabadilisha plagi, nikasafisha chujio la hewa. Hali ileile. Nikaitukana mashine, isinijali. Mwisho tukaufunga mti kwa kamba zote tulizokuwa nazo kwenye minazi miwili, nikapakia chenso kwenye pikipiki na kwenda Kikwajuni kwa fundi niliyeelekezwa. Njia nzima niliogopa upepo.

Nilimkuta dada mmoja ameketi barazani, mtandio kaufunga nyuma ya shingo, jenereta lililofunguliwa liko mbele yake. Nikamuuliza fundi yuko wapi.

"Ushamuona," alinijibu.

Nikamweleza haraka mambo ya mti na ya mama aliyekataa kutoka. Hakugusa bisibisi. Alinitaka niiwashe mashine, akasogeza kiganja karibu na ekzosi inakotokea moshi, akafumba macho. Mjuaji mimi nikaanza kumweleza habari za kabureta. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Inavuta pumzi, kaka, lakini haitoi," alisema. "Hebu nipe hayo mafuta yako."

Nikampa dumu langu la petroli iliyochanganywa na oili. Akachovya kidole, akakisugua kwenye kidole gumba, akanusa.

"Nani kakufunza kuchanganya?"

"Babaangu."

"Alikuwa na boti, huyo?"

Baba alikuwa mvuvi, na boti yake ilikuwa na mashine kuukuu aliyoipenda kama mtoto. Oili akiipima kwa kikombe cha kahawa, na akishamaliza kipimo, huongeza kikombe kimoja juu yake. "Hiki cha huruma," alikuwa akisema. Tangu afariki sijawahi kukiacha kikombe hicho, na nilipoacha bahari nikaingia kazi ya kukata miti, nilikuja nacho. Mwanamke huyu hakupata kumuona baba hata siku moja, lakini alimkuta ndani ya dumu langu.

"Mashine yake ilitaka hivyo," alisema kwa upole. "Hii unaisonga."

Akalegeza skurubu mbili za ekzosi. "Washa sasa."

Nikavuta kamba. Wallahi, ngurumo iliyotoka ilimpandisha paka ukutani. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe nguvu zilikuwamo muda wote!

Kisha akachomoa kipande cha wavu wa waya kilichokuwa mdomoni mwa ekzosi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kimeziba kwa masizi makavu ya oili iliyozidi. Akakiweka juu ya jiko la makaa alilokuwa akichemshia chai. Masizi yakawaka mekundu, yakaisha, matundu yakaonekana moja moja. Akakirudisha, akanichanganyia mafuta mapya kwa kipimo chake. Mkono wangu ulitaka kuongeza kidogo, akauona, nikaurudisha mfukoni.

Alasiri nilikuwa Fumba. Mti ulikuwa bado umesimama, na mama bado kitandani. Nikasema bismillahi. Chenso ikapita kwenye shina bila kusita, kamba zikavuta, mshelisheli ukalala shambani na ardhi ikatikisika.

Nikainama kutazama kisiki. Ndani mlikuwa mtupu. Mti ule wote ulikuwa umeshikiliwa na ganda lisilozidi upana wa kiganja changu. Nikaingiza mkono mpaka begani, nisiguse kitu.

Tulimbeba mama kwa kiti, akaja kuona. Alichungulia ndani ya kisiki muda mrefu. Nilingoja anigombeze kwa mti wa mumewe.

"Huyo fundi wako," alisema hatimaye, "ana watoto?"

"Sijui, mama."

"Mpelekee mashelisheli. Yote."

Kesho yake nilishusha gunia barazani Kikwajuni. Dada yule alifuta mikono, akaniuliza mashine inaendaje. Nikamwambia inapumua.

"Na mama?"

"Hajambo," nilisema, kisha ikabidi nigeuke nitazame pikipiki yangu.