Sukari halisi au vidonge vya utamu kwa mtoto? Binti yangu alitujibu jikoni kwa bibi yake

Wakuu, habari za huko mliko. Huku Lushoto baridi imerudi na chai inanyweka kwelikweli.

Nimesoma mnavyobishana kama watoto wapewe sukari ya kawaida au hivi vidonge vya utamu visivyo na sukari. Nikaona nisikae kimya. Hili limetokea nyumbani kwetu na sitatia chumvi.

Nina binti, Rukia, yuko darasa la sita. Ana kisukari, kile kinachowapata watoto, na anachoma insulini kila siku. Anajichoma mwenyewe, wakuu. Mimi baba yake nikiona sindano naangalia dirishani.

Mama yangu anakaa Malindi, si ile ya pwani, ni kijiji cha huku huku milimani, analima viazi na karoti. Kwake chai isiyo na sukari ni sawa na kumwambia mgeni aondoke. Lakini aliposikia mjukuu wake ana kisukari, akaitangazia sukari vita. Dada yangu akamletea kikopo cha vidonge vya utamu kutoka Dar, basi kila anayeingia anawekewa hivyo. Hata imamu wetu kavinywa, na akasifia chai.

Likizo tukapanda kumsalimia.

Asubuhi Rukia akachoma sindano yake, akanywa uji kidogo, akateremka mtoni na binamu zake kuosha karoti. Mnaoijua milima yetu mnajua kupanda kutoka mtoni si mchezo.

Alirudi amelowa jasho, na sisi tumevaa makoti. Mikono inatetemeka. Nikajua sukari imeshuka.

Kwa wasiojua: mwenye kisukari, sukari yake haipandi tu, inashuka pia, na kushuka kunaua haraka. Inatakiwa apate sukari hapo hapo.

Nikakimbilia begi lake, humo hukaa pakiti ya glukosi. Haipo.

Nikamwangalia mama. Kumbe aliikuta jana yake, akaionja, akaona tamu, akaimwaga chooni. Na sukari ya ndani? Hakuna hata chembe. Yote alishampa jirani, Mama Tumaini, ili mjukuu asije akashawishika.

Hakukosea kwa ubaya. Alikosea kwa mapenzi, na mapenzi ya bibi mnayajua.

Mama akamimina chai, akadondosha vidonge, akaongeza vingine, akamsogezea mtoto akimbembeleza anywe, ni tamu mno. Mimi nimesimama na begi mkononi, kichwa kimeganda.

Rukia akakirudisha kile kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Bibi, hivi vinadanganya ulimi tu. Damu haidanganyiki. Naomba ile sukari uliyompa Mama Tumaini."

Kisha akakaa chini, akaegemea ukuta, akaniambia, "Baba, kimbia."

Wakuu, nilikimbia. Mama Tumaini alikuwa anakanda unga wa maandazi, akaja na kopo la sukari mikono ikiwa na unga vile vile. Rukia ndiye aliyetuelekeza tutie kiasi gani kwenye maji. Akanywa. Tukasubiri, Mama Tumaini anaomba Kilutheri chake, mama anavuta tasbihi.

Baadaye kidogo akajitoboa kidole, akapima. Imepanda. Akasema sasa anataka kiazi.

Hapo ndipo mama alipolia. Rukia akaenda kukaa karibu yake, akamfundisha polepole kwa Kisambaa: dalili ni hizi, vidonge si vibaya kwenye chai ya kawaida, maji ni bora zaidi, ila siku akitetemeka ni sukari halisi na si kingine. Akamfanya alirudie somo lote. Na huyu mama yangu, tangu marehemu baba aondoke, hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha akabaki salama.

"Hongea, mwanangu," akasema. Ndiyo asante yetu hiyo.

Nilitoka nje nikajifanya naangalia karoti. Najivunia yule mtoto mpaka kifua kinauma.

Nilichojifunza: tunabishana sukari au vidonge kama tunashabikia timu, wakati kila mtoto ana mwili wake. Muulizeni daktari wenu, kisha msikilizeni na mtoto mwenyewe. Wenye watoto wa hali hii karibuni mseme mnafanyaje, na anayenipinga apinge tu, sinuni.

Nimalizie na hili. Juzi mama aliteremka mjini siku ya gulio, akaomba afuatane na Rukia sokoni. Kabla hawajatoka nikaona anakaza fundo kwenye pindo la kanga. Nikamwambia aweke hela yake vizuri, sokoni kuna wezi.

Akanifungulia nione. Ilikuwa sukari, imefungwa kwenye nailoni.

"Hela iko kwenye kikapu," akasema. "Hapa anakaa Rukia."