Mbunge Aliyekuja na Jibu Baya

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, chakula hakishuki. Nitakusimulia leo kwa sababu nimesikia umeweka jina lako katika uchaguzi wa komuni, hili baraza la mtaa wetu, na picha yako nimeiona imebandikwa hadi kwenye dirisha la kinyozi. Umetoka vizuri, ila tai imekubana. Basi kabla watu hawajaanza kukupigia makofi, keti nikueleze habari za mbunge mmoja wa shamba, wa nchi ya Ireland, aliyepanda ngazi zetu pale Koekelberg, hapahapa Brussels.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa kijana, kazi yangu kupaka rangi, nikichoma siku zangu kwenye kuta za nyumba za watu, na nilikaa na Mama, tuliyemtoa Lubumbashi kuja kutibiwa. Dada yangu mkubwa, Odile, alikuwa amekimbilia Ireland kwa njia zake mwenyewe. Aliomba hifadhi, serikali ikamweka katika hosteli ya zamani huko mashambani, mahali penye ng'ombe wengi kuliko watu. Alipewa kitanda na chakula, lakini hakuruhusiwa kutoka nje ya nchi mpaka shauri lake liamuliwe. Akitoka, asingeweza kurudi, na shauri lenyewe lingekufa. Kutoka kule mpaka hapa ni safari ya ndege ambayo hata usingizi haukuchukui, lakini kwake ilikuwa mbali kama mwezini.

Na Mama alikuwa anakufa. Daktari alitueleza wazi kwamba ini limekwisha. Mama alikuwa na ombi moja tu, amwone Odile kabla hajafumba macho. Kila nilipompelekea uji aliniuliza, "Yaya yako anakuya lini?" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Kule mashambani kulikuwa na mbunge, mzee wa makamo, mfugaji. Odile na wenzake wa hosteli walimwita Papa Député, yaani Baba Mbunge. Kila Jumamosi aliketi katika chumba cha nyuma cha baa ya kijiji, na watu wakamwendea mmoja mmoja na shida zao. Huyu barabara yake ina mashimo, yule pensheni ya mama yake imekwama. Ndiyo desturi yao, mwanangu. Mbunge wa shamba asiyeketi hivyo, na asiyeonekana mazikoni, hachaguliwi tena. Odile akapanga foleni pamoja na wakulima. Hakuwa na kura ya kumpa, na mzee alilijua hilo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia atauliza.

Akauliza kweli. Odile alikwenda Dublin kushuhudia, akakaa juu kwenye viti vya wageni. Alinisimulia kwenye simu kwamba ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Mzee alisimama akaanza na daraja lililobomolewa na mafuriko, akaenda kwenye basi la watoto wa shule, kisha akasema habari za mwanamke anayeishi katika jimbo lake, ambaye mama yake yu mahututi Brussels.

Tonton Ferdinand, mdogo wake Mama, alipoisikia habari hiyo alicheka kwa puani.

"Donc Odile iko kati ya pont na bus," akasema. "Ule hapana député, ule ni chef de quartier."

Tukacheka naye, mbunge kufananishwa na mwenyekiti wa mtaa. Huko tulikotoka mheshimiwa ni mtu wa kupita na gari kioo kikiwa kimefungwa, si mtu wa kusimama bungeni akasema daraja fulani limevunjika ubavu. Na kwa kweli dua la kuku halimpati mwewe. Waziri alijibu kwamba hawezi kuzungumzia shauri la mtu mmoja, utaratibu ufuatwe. Lugha ilikuwa ya adabu, maana yake ilikuwa hapana. Odile alilia kwenye simu mpaka kadi ikaisha.

Hapo sasa ndipo mila yetu ilipoingia. Kwetu habari mbaya haipelekwi kwa mgonjwa. Inafunikwa, inazungushwa, inakabidhiwa mzee mmoja aifikishe kidogo kidogo, na mara nyingi mzee huyo huondoka nayo mpaka kaburini. Tonton aliitisha kikao cha ukoo jikoni, ikakatwa shauri kwamba Mama aambiwe karatasi ziko njiani. Hakuna aliyepinga. Tulifanya hivyo kwa mapenzi, na nakuapia tuliona tunamhurumia.

Mama akaendelea kungoja. Aliacha kulala mchana, asije Odile akafika akamkuta usingizini. Alinituma Matonge, kwenye maduka ya Waafrika, nikanunue sombe, yaani kisamvu, kwa kuwa Odile anaipenda. Nikanunua, nikaiweka kwenye friji, ikakaa mpaka ikaharibika. Nikaitupa Mama asione, nikanunua nyingine. Nikifungua friji ile moyo ulikuwa unaniuma, lakini nilikuwa mdogo katika ukoo, na mdogo hana neno.

Kisha Odile akapiga simu. Papa Député anakuja Brussels na wafugaji wa kwao kwa mambo ya maziwa kwenye Umoja wa Ulaya, na anataka kumwona Mama.

Tonton alivaa suti. Katika lugha za kizungu sisi tulikuwa na Kifaransa tu, kwa hiyo tulimwomba jirani yetu, Bi Rehema, Mtanzania wa Tanga aliyeolewa na mtu wa ubalozi, aje atutafsirie Kiingereza. Alipofika mlangoni Tonton alimvuta kando.

"Maman, uniskie muzuri. Kama ule muzungu anasema ya mubaya, we uiache. Sema tu karatasi inakuya."

"Baba," Rehema akamjibu taratibu, "nikishakaa katikati ya watu wawili, maneno yao ni amana kwangu. Usinitie kwenye hilo, tafadhali."

Tonton akadhani amekubaliwa. Wanaume wa rika lake walizoea kuichukua heshima ya mwanamke kuwa ndiyo.

Mgeni aliingia na koti lililolowa, mtu mkubwa, masikio mekundu kwa baridi, viganja vigumu vya mkulima. Tulikuwa tumemwandalia chai na mikate ya mafuta, lakini hakukaa mezani. Alivuta kiti mpaka kando ya kitanda cha Mama. Rehema akamwamkia, "Shikamoo, mama," na Mama akamjibu, "Eee, jambo mutoto," maana shikamoo huko kwetu Katanga haijulikani sana. Mzee akaanza kusema, Rehema akifuata.

"Anasema yeye ni mbunge wa kule anakoishi Odile. Anasema Odile ni mzima, anakula, na Jumapili anaimba kanisani kwao."

Mama alifurahi, akatutazama mmoja mmoja. Mzee akasema tena, maneno machache, akitazama mikono yake. Rehema akanyamaza. Tonton akakohoa.

"Mutoto, mbona unanyamaza?" Mama akauliza. "Sema vile anasema."

Rehema akamwinamia. "Anasema aliiomba serikali Odile aruhusiwe kuja kukuona. Wamekataa, mama. Anasema ataendelea kuuliza, lakini hataki kukudanganya, haoni kama ruhusa itapatikana mapema. Anasema Odile alimtuma, na yeye akitumwa hurudisha jibu mwenyewe, hata likiwa baya. Anasema anaona aibu."

Nilidhani Mama atakata roho palepale. Tonton alisogea mbele.

"Yaya, usiskie sana ile, ni mambo ya politique..."

"Ferdinand." Mama hakupandisha sauti. "Munajua tangu lini?"

Tonton akatazama zulia.

"Bon. Mi niko mugonjwa ya mwili, hapana ya akili. Mulinipatia kazi ya kungojea. Na muntu mwenye kungojea hawezi kuaga." Akavuta pumzi. "Sasa minajua kama hatutaonana tena. Muniache niage mutoto yangu."

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi katika maisha haya, na mabosi, na makasisi, na mke wangu, Mungu amweke. Hakuna karipio lililowahi kuniingia kama lile, ingawa halikutajwa jina langu.

Mama akaomba maji. Kwetu mzazi akimbariki mtoto huyatia maji kinywani akampulizia. Alimwashiria mgeni anyooshe mkono, akampulizia kiganjani, matone yakamwingia mpaka kwenye mkono wa koti.

"Umupelekee Odile," akasema. "Umuambie sina neno naye mu roho. Aishi, azae, acheke. Asinililie sana."

Rehema alilitafsiri kila neno huku machozi yakimtiririka. Mzee hakupangusa ule mkono. Aliufumba, akautia mfukoni, akanywa chai yetu kwa mkono wa kushoto. Kwetu hiyo ni adabu mbaya, nawe unajua, lakini Mama alimtazama akatabasamu. Alipoondoka, Mama aliamuru sombe ipikwe iliwe siku ileile. Kesho yake mchana alilala usingizi mzito.

Alifariki majuma machache baadaye. Odile hakuwepo kumzika. Alinisimulia kwamba mzee alitoka uwanja wa ndege akaendesha gari moja kwa moja mpaka hosteli, akamkuta jikoni na wanawake wengine, akamwekea mkono kichwani bila kusema kitu, kisha ndipo akamweleza. Baada ya mazishi alisimama tena bungeni akamtaja Mama kwa jina lake, viti vitupu vikamsikiliza. Ruhusa ya Odile ilikuja baadaye sana, akiwa hana tena wa kumwona. Hiyo nayo mzee aliipeleka mwenyewe, na Odile anasema alikuwa na uso uleule wa aibu.

Odile alipofika hatimaye nilimpeleka makaburini. Nilijiandaa kumshika, nikijua wanawake wetu hujitupa chini. Hakujitupa. Akasema, "Mi nilishamuaga." "Ila nilitaka kumushika mikono," akasema, na hapo ndipo alipolia. Usije ukadhani nakusimulia hadithi yenye mwisho mwema. Mtoto wa mtu alinyimwa mama yake, na hakuna jibu, liwe zuri au baya, linaloweza kulifuta hilo.

Lakini sikia nasaha yangu. Watu watakujia na shida ambazo huna ubavu wa kuzimaliza. Nyingi utazishindwa, na usijidanganye kwamba utakuwa mwerevu kuliko waliokutangulia. Kushindwa hakutakuharibia jina. Kitakachokuharibia ni siku utakapoanza kupita njia nyingine ili usikutane na aliyekutuma, au utakapomwambia "inakuja" huku unajua haiji. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mimi naongeza kwamba mjumbe anayejificha huua wengine, maana anayala masiku ya mtu katika kungoja, na mtu hana masiku mengi. Ile hapana, ipeleke kwa miguu yako. Keti kiti cha karibu, iseme, na uvumilie kutazamwa. Akishajua, atafanya la kufanya na muda wake uliobaki, na hilo ni lake, si lako wala si la ukoo.

Na nyinyi wengine mnaonisikiliza hapa nyumbani, msiokuwa na picha dirishani, mambo ni yaleyale. Mgonjwa si mtoto.

Haya, mwanangu. Mungu akupe sikio la kumsikiliza hata asiye na kura. Akupe sauti ya kulitaja jina lake mbele ya viti vitupu. Na siku utakayorudi kwa watu wako mikono mitupu, Mungu akujalie wakufungulie mlango.